Bagamoyo kwenda na kurudi siku moja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila sikukuu ikikaribia maswali ni yale yale, kwahiyo nimeyaweka yote sehemu moja. Majibu ni kwa mtu anayetoka Dar asubuhi na anataka kulala kwake usiku huo huo.

Siku moja inatosha kweli?

Inatosha, ila utoke mapema. Bagamoyo iko kilomita kama 70 hivi kaskazini ya jiji, lami mwanzo mwisho, na ukaribu huo ndo unawaponza watu, wanaona si hapo tu, wanatoka nyumbani saa 4, wanakula foleni yote ya huku mjini, wanafika jua la utosi, wanakaa ufukweni masaa mawili na sahani ya samaki, picha mbili tatu, wanarudi wanasema Bagamoyo hamna kitu. Hiyo kauli inaniuma jamani. Huu ni mji ambao misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilikuwa inatembea kwa miguu kutoka Ujiji na Tabora kuja kuishia pale, mji ambao ulikuwa makao makuu ya Wajerumani kabla hata Dar haijawa chochote, leo mtu anapita dirishani kwa gari anasema hamna kitu. Ukitoka Dar saa 12 au saa 1 kamili asubuhi, siku moja inatosha na unarudi umeshiba.

Sina gari, nafikaje?

Magari ya Bagamoyo yanapakia stendi ya Makumbusho, ni zile kosta, ikijaa inaondoka. Kama unakaa Tegeta, Boko au Bunju huna haja ya kurudi nyuma mpaka Makumbusho, unaisubiri barabarani, ila wikendi unaweza ukasimama mpaka Kerege huko, kwahiyo kama una mtoto au mzee bora uende stendi ukapate siti. Nauli ni ya kawaida ya daladala za mbali, haitakuumiza. Ukishuka stendi ya Bagamoyo utavamiwa na bajaji na bodaboda, usiogope, we sema unakoenda, ulizia bei kwanza, ndo upande.

Na kama naenda na gari yangu?

Njia moja tu, Barabara ya Bagamoyo, unaifuata Mwenge, Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo, umefika. Ukipita Bunju mji unaachia na mtu anajisahau anakanyaga mafuta, sasa pale ndo penyewe, kila kijiji kina kibao cha 50 na trafiki wa tochi wanajua kujificha. Na hata wasingekuwepo, watoto wanavuka hovyo hovyo na bodaboda zinaingia barabarani bila kuangalia, tembea mdogo mdogo. Ukiingia mjini paki sehemu moja uiache gari hapo, mitaa ya mji mkongwe ni myembamba na raha yake yote ni ya mguu.

Mwezi gani ni mzuri?

Juni mpaka Septemba nd'o msimu wenyewe, kusi inavuma, hewa inapoa, mvua hamna. Januari na Februari ni kaskazi, jua kali haswa lakini anga ni safi. Machi mwishoni mpaka Mei ni masika, mi simshauri mtu, Kaole inakuwa matope na kutembea mjini inakuwa kazi. Vuli ya kuanzia Oktoba inanyesha na kuacha, hiyo unaweza kuvumilia.

Ramadhani unaweza kwenda pia, magofu hayafungi, ila mchana migahawa mingi ya mjini haipiki na kula barabarani mbele za watu sio ustaarabu. Panga kukaa mpaka futari, jioni mji unachangamka.

Nimesikia bahari ya Bagamoyo imekimbia na maji ni ya udongo, kweli?

Hili swali ndo napenda kuliko yote maana ukilielewa hili umeuelewa mji mzima.

Ufukwe wa Bagamoyo ni wa kina kifupi sana, umelala tambarare. Maji yakipwa yanarudi nyuma mbali kweli kweli, unabaki uwanja wa mchanga na tope na majahazi yamekaa chini yameegama ubavu, na mtu aliyetoka Dar na taulo lake anasimama pale anajiuliza bahari iko wapi. Bahari ipo, itarudi. Yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku inachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Rangi ile ya chai inatokana na mto Ruvu ambao unamwaga maji yake kaskazini kidogo ya mji na unakuja na udongo wa bara, sio uchafu ule.

Sasa hesabu yenyewe ni rahisi, wavuvi wanaipiga kwa kuangalia mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanapwa sana na kujaa sana, na pwani yetu hii siku hizo maji yanakuwa yamepwa kabisa kwenye saa 4 asubuhi na yamejaa kwenye saa 10 jioni. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, hayaendi mbali wala hayaji juu sana, na mambo yamegeuka, asubuhi ile saa 4 au saa 5 ndo yamejaa, jioni yamepwa. Kwahiyo kabla hujachagua tarehe angalia mwezi, au angalia jedwali la maji la Dar kwenye simu, zipo programu za bure. Unataka kuogelea jioni ukimaliza mizunguko? Nenda siku za bamvua. Kuna watu wanalalamika waliharibiwa siku na bahari, hakuna aliyewaharibia, walikuja na saa ya ofisini kwenye mji unaoenda na saa ya mwezi.

Na kina hicho hicho kifupi ndo kilichoufanya mji uwe ulivyo. Jahazi halina shida na ufukwe kama huu, linaingia na maji, linakaa chini, linapakuliwa, maji yakirudi linaelea linaenda Unguja. Zilipokuja meli za moshi ikabidi zitie nanga mbali huko na mizigo ivushwe na vidau. Wajerumani wakachoka, mwaka 1891 wakahamishia makao makuu Dar es Salaam kwenye bandari ya kina kirefu, na mwaka 1905 wakaanza kujenga reli ya kati kuanzia hapo hapo Dar badala ya Bagamoyo. Reli ilipofika bara, mpagazi wa kubeba pembe miguu kwa miguu akawa hana kazi tena. Mji ukabaki mdogo, majumba yakabaki na umri wake, ndo maana leo unaweza kuuzunguka wote kwa miguu nusu siku. Ungekuwa na kina kirefu pale sasa hivi pangekuwa na kontena.

Nikifika nianzie wapi?

Kaole. Wengi wanaiacha mwisho halafu hawaifikii, au wanaiona mbali, sio mbali, ni kama kilomita 5 kusini ya mji, boda au bajaji inakupeleka. Asubuhi kuna kivuli, hewa nzuri, na mara nyingi unakuwa peke yako.

Kaole ni magofu ya mji wa Waswahili uliokuwepo kabla Bagamoyo haijawa Bagamoyo. Kuna misikiti miwili, mkubwa na wa zamani zaidi unatajwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi 22, mengine yana nguzo ndefu za mawe kama ilivyokuwa desturi ya pwani kwa watu wakubwa. Simama karibu na nguzo uangalie vizuri, utaona vishimo vya duara kama kitako cha bakuli, humo ndo yalipachikwa mabakuli ya kauri kutoka China. Vipande vingine viko kwenye chumba cha makumbusho hapo hapo getini, ingia kabla hujaenda kwenye makaburi ili ukiona lile tundu ujue kilichokaa pale. Yaani bakuli limetoka China, likapita bahari yote ile, likaishia kwenye kaburi la mtu wa Kaole, na huyo mtu alikuwa na kisima, msikiti, majirani, kama wewe tu.

Kuta zote ni mawe ya matumbawe na chokaa. Pitisha mkono, ila usipande juu na usichokonoe, kuna watu wanapanda kwenye makaburi kupiga picha na kwa kweli inakera, yale ni makaburi ya watu na hapo pana kaburi la Sharifa ambalo mpaka leo watu wanaenda kuomba dua, utakuta ubani na vitu walivyoacha.

Kuna pia mbuyu mkubwa ambao unakadiriwa kuwa na miaka 500, watakwambia ukiuzunguka unaongeza umri, we zunguka. Bahari iliyokuwa inafika karibu siku hizi iko upande wa pili wa mikoko, mchanga umejaa na mikoko imeota, hicho ni kimojawapo cha vitu vinavyotajwa ukiuliza kwanini watu walihama. Tenga saa moja na nusu, sio dakika 20.

Lazima nichukue mtu wa kunitembeza?

Sio lazima ila chukua. Mawe hayaongei, na vibao vilivyopo ni vichache na vingine vimefutika. Kijana wa pale aliyekulia kwenye ile mitaa anakuonyesha mlango ambao ungepita bila kuuona na anajua bibi wa nyumba ile ni nani, atapiga hodi mkaribishwe ndani mpaka uani. Mchukue kwenye ofisi za mambo ya kale au kwenye ofisi ya taarifa za utalii, aliye na kitambulisho, mpatane bei na masaa kabla hamjaanza. Wale wanaokufuata stendi wakisema leo magofu yamefungwa nikupeleke kwingine, waage kwa adabu uendelee na safari yako.

Mji mkongwe una nini?

Una vingi na vimekaa karibu karibu, kwahiyo nitataja vile ambavyo mimi nisingekubali mtu avikose.

Anza na Caravan Serai, pale misafara ilipokuwa inafikia na kupangwa. Wabebaji wengi walikuwa Wanyamwezi, wanaume waliotembea zaidi ya kilomita 1,000 na mzigo begani, na njia nzima hiyo kutoka Ujiji mpaka hapa iko kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006. Burton na Speke walianzia safari yao pwani hii hii mwaka 1857, na Stanley aliondokea Bagamoyo mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone. Watu wanakariri majina hayo matatu tangu shule ya msingi, sawa, lakini ukiwa pale fikiria zaidi wale mamia waliobeba mahema na maji yao.

Halafu Ngome Kongwe. Ilianza kama nyumba ya tajiri wa Kiarabu mwaka 1860, baadaye ikawa ya jeshi, Wajerumani wakaitumia, Waingereza wakaifanya gereza. Panda mpaka juu uone bahari na mapaa ya mji, upepo wa juu pale saa 6 mchana ni dawa.

Boma la Wajerumani la mwaka 1897 liko wima mbele ya bahari, jumba zito kweli, sehemu yake ilidondoka kwenye zile mvua za El Nino. Na kabla ya Boma walikuwa wanatumia Liku House, iko hapo mjini ulizia tu. Bagamoyo hii hii, Desemba 1889, Emin Pasha, gavana Mjerumani wa Equatoria, jimbo la kusini mwa Sudan ya wakati huo, aliyekuwa ametolewa kule na Stanley kwa safari ya miaka, alifika salama, akafanyiwa karamu, akadondoka kutoka ghorofani usiku huo huo. Alipona ila alivunjika vibaya.

Kuna na pahala pa kunyongea, pana kumbukumbu ndogo ya watu walionyongwa na Wajerumani baada ya vita ya Abushiri ya 1888 na 1889. Abushiri mwenyewe alinyongwa Pangani, Desemba 15, 1889. Watu wengi wanapita hapo wanaelekea kuogelea bila kugeuka hata shingo. Simama kidogo.

Mtaa wa India tembea taratibu ukiangalia milango. Ile ya nakshi ina mfaa katikati, ule mti uliosimama kati ya mbawa mbili, na ndo unaochongwa zaidi kuliko sehemu nyingine yoyote, maua, minyororo, mawimbi. Nyingine imeshaliwa na mchwa na nyumba nyingine zimebaki kuta tu mti umeota sebuleni, unaona boriti za mikoko zimening'inia. Inasikitisha na mi naamini kadri watu wanavyoenda na kulipa viingilio na kuuliza maswali ndo zile nyumba zinapata wa kuzitetea. Kati ya wafanyabiashara wa Kihindi waliokaa hapa mmoja anaitwa Sewa Haji, ndo aliyekuwa anaandalia misafara mizigo na wapagazi, akatajirika, na akatoa hela zake kujenga shule na hospitali za watu wote, ulizia habari zake.

Misheni ni mbali? Inafaa kwa asiye Mkristo?

Kutoka katikati ya mji ni mwendo mfupi, unaingia kwa njia yenye miembe mikubwa pande zote mbili, watawa waliipanda zaidi ya miaka 100 iliyopita, kivuli chake peke yake kinatosha kukutoa kitanzini mchana. Inafaa mtu yeyote, unaheshimu tu kama unavyotaka msikiti wenu uheshimiwe.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walivuka kutoka Zanzibar mwaka 1868 wakaanzisha makazi ya watumwa waliokombolewa, watu wakapewa nyumba, shamba, ufundi, shule. Makumbusho yao iko kwenye nyumba ya zamani ya masista, ni ndogo lakini imepangwa vizuri kuliko zote za mjini, kuna minyororo halisi, picha, hati. Kanisa jipya, yaani jipya la 1914, liko hapo hapo.

La zamani limebaki mnara, unaitwa mnara wa Livingstone. Yeye hakuwahi kuingia humo akiwa hai. Alifariki Mei 1873 kwa Chitambo, Zambia ya sasa, na watu wake, Chuma, Susi na wenzao, wakazika moyo wake kule, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba kwa miezi mpaka pwani. Februari 24, 1874 wakaulaza kwenye kanisa hilo usiku mmoja kabla haujavushwa Zanzibar na kupelekwa Uingereza, ukazikwa Westminster Abbey Aprili 18. Mnara umepewa jina la aliyebebwa. Ukiwa na watoto wafundishe na majina ya waliobeba.

Naenda na watoto, hizi habari za utumwa niwaambie?

Waambie. Mtoto wa miaka 8 kwenda juu anaelewa kabisa, ila usimrushie yote kwa mpigo, anza na safari, walitoka wapi, walitembea siku ngapi, walibeba nini, atauliza mwenyewe walikuwa wanalipwa? hapo sasa unamwambia, wapagazi walikuwa wanalipwa, watumwa hawakulipwa wala hawakuulizwa. Mwambie muongozaji mapema una watoto wa umri gani, wazoefu wanajua kupima maneno. Mdogo wa chini ya miaka 5 mpe maji na mbuyu wa kuzunguka inamtosha.

Nitakula wapi?

Sitaji mgahawa, leo mzuri kesho mpishi kahama. Nachoweza kusema ni soko la samaki, pale ufukweni karibu na forodha ya zamani ya Wajerumani. Boti zikiingia wanamwaga samaki, mnada unapigwa hapo hapo, wanawake wenye makarai makubwa wanakaanga papo kwa papo, changu, kibua, jodari, ngisi, pweza. Chagua karai ambalo lina watu wengi na mafuta masafi, angalia jicho la samaki kama bado linang'aa, mwambie mama akukaangie huyo uliyemchagua na sio yule aliyelala juu ya meza. Ndimu, pilipili, chumvi, muhogo au chapati pembeni, dafu la kushushia. Ukitaka meza na kitambaa zipo hoteli za ufukweni ila agiza mapema, ukifika na njaa ndo uagize utasubiri sana wikendi.

Wale wanaotengeneza boti naweza kuwapiga picha?

Omba kwanza, na usiombe ukiwa na simu tayari usoni kwao. Salamia, shikamoo kwa aliyekuzidi, kaa kidogo, uliza kazi, ndo uombe. Wakikataa, basi, usilazimishe.

Na ukikaa utaona kitu kizuri mno. Chombo kikiwa chini maji yamepwa fundi anapita kwenye kila mwanya wa mbao, anasokota pamba kwa vidole, anaiweka kwenye mwanya, anaigonga kwa tindo na nyundo ya mti, tok tok tok, pamba inazama, anaongeza nyingine mpaka mwanya umeshiba. Hiyo ndo kalafati. Halafu inapakwa sifa, mafuta ya papa, harufu yake utaijua tu hata kabla hujafika. Fundi anafanya hivyo akiangalia maji kwa jicho la pembeni, maana yakianza kurudi awe ameshamaliza ubavu huo. Mi naweza kukaa pale nikasahau chakula.

Nivae nini?

Mji ni wa Waislamu wengi na ni mji wa watu wanaoishi, sio hoteli. Mabega na magoti yafunikwe ukiwa mtaani, mwanamke beba mtandio au kanga itakusaidia Kaole, misheni na kwenye jua. Nguo za kuogelea ni za ufukweni kwenye mahoteli. Viatu vya kufunga au kandambili ngumu, mawe ya matumbawe yanakata. Kofia, maji, losheni ya jua, na begi dogo la mgongoni.

Viingilio je?

Kaole, Ngome na Caravan Serai ni za serikali, kiingilio cha Mtanzania ni kidogo na cha mgeni kinazidi, beba kitambulisho. Malipo ya serikali siku hizi ni kwa kontrol namba kwahiyo simu iwe na chaji na salio, na dai risiti. Misheni wana utaratibu wao wa makumbusho. Keshi ndogo ndogo beba kwa ajili ya boda, samaki na bahashishi ya muongozaji.

Naweza kuona ngoma?

Bagamoyo ndo kwenye TaSUBa, kile chuo cha sanaa kilichoanza 1981, wanafunzi wa ngoma, maigizo, muziki na uchongaji kutoka nchi nzima. Siku za masomo ukipita unasikia marimba na ngoma za mazoezi, omba getini kama unaweza kuangalia. Kuna tamasha lao la kila mwaka, kwa kawaida kati ya Septemba na Novemba, tarehe wanatangaza wenyewe, na siku hizo sahau habari ya kwenda na kurudi, maonyesho mazuri yako usiku.

Usalama ukoje?

Mji umetulia. Tahadhari ni moja, vipande vya ufukwe visivyo na watu, hasa ukitoka mjini kwenda kwenye mahoteli au kuelekea Kaole, usipite peke yako na simu mkononi wala jioni jioni. Chukua bajaji. Na kwenye maji usiende mbali kwa mguu wakati yamepwa ukasahau saa, ufukwe ukiwa tambarare maji yanarudi haraka kuliko unavyodhani na yanakuzunguka kwa nyuma kwenye mabonde.

Naweza kuunganisha na Zanzibar au Saadani?

Zanzibar hapana, boti za abiria zinaondokea Dar, na mtu akikwambia atakuvusha kwa jahazi usiku mkatalie. Saadani ni hifadhi inayogusa bahari na ni nzuri sana lakini usiichanganye na Bagamoyo siku moja, utaharibu zote mbili, ipe siku yake na usiku wake. Unachoweza ni mikoko ya mdomo wa Ruvu kwa boti, ndege wengi na ukibahatika viboko, ila hiyo inategemea maji tena na inakula nusu siku, kwahiyo ukichagua hiyo punguza mjini.

Kurudi niondoke saa ngapi?

Ukiwa na gari, ama saa 9 kamili kabla ya msururu ama ukubali kukaa mpaka saa 1 usiku foleni ikishapungua, katikati ya hapo Jumapili ni mateso kuanzia Bunju. Ukiwa na kosta usingoje giza, magari ya mwisho yanajaa na kondakta anaweza kukushusha Tegeta utafute la kuunganisha, uwe stendi saa 11 jioni. Na kama ni siku ya bamvua maji yatakuwa yamejaa saa 10, kwahiyo oga, vaa, panda bajaji kwenda stendi, unaiwahi vizuri tu.